Risala ya Wakazi wa Frere Town Kuhusu Krimu za Kung'arisha Ngozi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa, maafisa wa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) na wa Bodi ya Famasia na Sumu, Mwakilishi Wadi wetu, na wazee wa mtaa.

Sisi wasusi, wauza vipodozi wa rejareja na akina mama wa Frere Town tumekuja na malalamiko. Tangu mwaka 1998 nchi hii imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Lakini toka Kengeleni uteremke hadi Kongowea, wala hutahitaji kunong'ona: krimu zi mezani, na mkorogo unachotewa kwa kijiko mbele yako, ukatiwa katika kikopo kisicho na jina wala tarehe.

Hatukuja kumsema mwanamke anayejipamba. Pwani hii ina vipodozi vyake vya singo na liwa tangu enzi za bibi zetu. Anayenunua mkorogo huahidiwa kutakata upesi, na mara nyingi hutakata kweli. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kinachomtakatisha ndicho kinachomdhuru. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya hadi kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60 wa figo. Zaidi ya nusu walikuwa wakijipaka krimu za zebaki. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini iliyopita, hapa hapa Kenya! Tena zebaki hubaki kwenye taulo na mashuka, na humfikia hata mtoto alalaye na mamake.

Haidrokwinoni ni dawa ambayo daktari huitoa kwa madoa, kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ikipakwa miaka nenda miaka rudi chini ya jua letu, mashavu huweza kugeuka rangi ya samawati iliyokaribia weusi, na doa hilo ni gumu mno kutoka. Steroidi nazo hukondesha ngozi. Sisi wasusi tunayaona haya kwa karibu: uso umetakata lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, mishipa inaonekana mashavuni, na tukivuta mistari, ngozi ya paji inachubuka mikononi mwetu. Mteja akiacha ghafla, uso huwaka na kuwasha, basi hurudia kopo lile lile.

Linalotuuma zaidi ni hili. Msako ukija, anayebebwa ni mama wa meza. Yeye hana maabara. Lebo ikisema bidhaa haina haidrokwinoni, atabishana nayo kwa lipi? Aliyeleta katoni mia kwa kontena hatujapata kumwona kizimbani.

Kwa hiyo tunadai, kwanza kabisa, mizigo ya vipodozi ipimwe katika bandari ya Kilindini kabla ya kutoka getini, na sokoni ipimwe tena. Mashine za mkononi za kutambua zebaki zipo. Haihitajiki maabara kubwa. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki viondolewe kabisa ifikapo 2025, hata vile vya kiwango kidogo vilivyokuwa vikiruhusiwa. Muda huo umeshafika. Majina ya bidhaa zilizoshindwa vipimo yabandikwe kwa Kiswahili zahanatini, sokoni, misikitini na makanisani, pamoja na majina ambayo zebaki hujifichia kwenye lebo, kama vile calomel. Muuzaji mdogo apewe nafasi ya kusalimisha bidhaa bila kushtakiwa, mradi aonyeshe alikonunua, na kesi imfuate aliyeingiza.

Na waliokwisha kuathirika? Tunataka kliniki ya ngozi inayofika kwetu walau mara moja kwa mwezi, yenye kipimo cha zebaki kwenye mkojo na mhudumu atakayemsaidia mtu kuacha steroidi polepole. Asikaripiwe mbele za watu. Akikaripiwa hatarudi, na mjamzito ndiye atakayejificha zaidi, ilhali zebaki humfikia aliye tumboni.

Tunaomba jibu ndani ya siku 30, katika baraza la hadhara hapa Frere Town, mkiwa na orodha ya bidhaa mlizopima na matokeo yake.

Ni sisi, wakazi, wasusi na wauzaji wa Frere Town.