NDUGU, USINYAMAZE. TUKO HAPA.



Leo nataka tuongee jambo ambalo kanisani huwa tunalinong'ona tu: watu kujiua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 zaidi ya watu 700,000 walijiua duniani. Kwa kila wanaume 100,000 walikufa karibu 13, na kwa kila wanawake 100,000 walikufa 5. Yaani wanaume ni zaidi ya mara mbili. Lakini asije mtu akasema akina mama hawaumii. Katika nchi nyingi wanawake ndio wanaojaribu mara nyingi zaidi. Dada akijaribu, usiseme anatafuta kuonekana. Kaa naye, umsikilize.

Basi mbona wanaume ndio tunaowazika zaidi? Sababu ni nyingi, pombe ikiwemo. Mimi nitagusa moja inayotuhusu kama kanisa: KIMYA.

Mama akilemewa, mara nyingi ana pa kulia. Ana chama, ana ushirika wa akina mama. Baba amefutwa kazi, mikopo ya simu imemzidi, watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Jumapili anavaa suti anakuja. Ukimwuliza habari ya nyumbani anajibu, "Tumebarikiwa, mchungaji." Na sisi tunampa maikrofoni akishashinda tu. Mtu ambaye bado yuko vitani hana nafasi kwenye ratiba yetu. Ushirika wa wanaume nao ukikutana, ajenda ni michango ya jengo.

Fungua Matendo 16. Tunapenda kuhubiri jinsi milango ya gereza la Filipi ilivyofunguka usiku. Lakini mwangalie yule askari wa gereza. Aliamka, akaona milango wazi, akadhani wafungwa wametoroka. Kwa dakika moja aliona kazi imeisha, heshima imeisha, naye ameisha. Akataka kujiua. Mwanaume huyo hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa kazini.

Paulo alifanya nini? Alipaza sauti, akamwambia asijidhuru, kwa maana wote walikuwapo. Hakumkemea kwanza wala hakumwuliza kama anaomba. Habari za wokovu zilifuata baadaye, usiku uleule, na nyumba yake yote ikabatizwa. Sauti ya mtu aliye karibu ilitangulia mahubiri.

Hata Bwana wetu kule Gethsemane aliwaambia rafiki zake wazi kwamba roho yake ina huzuni kubwa, akawaomba wakeshe naye. Kama Yesu alisema, wewe ni nani unyamaze?

Kwa hivyo, kanisa, tuache kumwambia mvulana kwamba mwanaume halii. Tuache kuita kila msongo wa mawazo pepo. Tunaomba NA tunampeleka mtu hospitali, kama tunavyofanya kwa malaria. Wazee wa kanisa, wiki hii mpigie simu ndugu mmoja aliyepotea ibadani. Usimwulize kuhusu zaka. Mwulize moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandii mtu wazo hilo. Linampa ruhusa ya kusema.

Na wewe unayeogopa kusema usije ukashtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu yetu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Unahitaji msaada, huhitaji pingu.

Ndugu unayesoma hii usiku ukiwa umefika mwisho, usikae peke yako. Mwamshe mtu. Piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu. Deni linaweza kulipwa polepole. Wewe hatuwezi kukupata tena.

Baba, mkumbuke kila mwanaume anayetabasamu huku moyo unavuja. Mpe ujasiri wa kusema, na utupe sisi masikio. Katika jina la Yesu, AMINA.

Mtumie ndugu mmoja ujumbe huu, kisha umpigie simu. Mbarikiwe.