Barua ya wazi kwa Mheshimiwa ambaye ofisi yake ilipoteza daftari la baba yangu

Mheshimiwa,

Salamu kwanza, adabu ndivyo inavyotaka. Natumaini tarehe 2 Agosti, siku ya kuwakumbuka wafu wetu wa vita, ilikwenda vizuri upande wenu wa jukwaa, kivulini. Upande wetu wa jua ilikwenda pia. Tulisikia fanfari, tukasikia hotuba nne. Jina la marehemu hatukusikia hata moja.

Mimi ndiye mtoto wa yule karani wa reli. Nimevuka mto Lualaba kutoka Alunguli hadi mjini Kindu mara sita kwa ajili yenu, nauli ya mtumbwi kwenda na kurudi. Mara ya kwanza nilileta daftari. Niliomba nifanye fotokopi kwanza, mkasema mnataka daftari lenyewe, na tena umeme hakuna. Mara tano zilizofuata nilikuja kuliulizia. Ile ya mwisho kijana wenu, macho kwenye simu, akanijibu kwamba huenda lilitoka pamoja na makaratasi ya zamani. Lilitoka! Kama kuku.

Mwaka 2002 mnaujua. Waasi wa RCD ndani ya mji, wanamgambo wa Mayi-Mayi wameuzunguka, na anayekwenda kung'oa muhogo anaitwa mpelelezi na hawa, anaitwa mpelelezi na wale. Baba hakuwa tena na treni za kuandika, akaanza kuandika wafu. Alipiga mistari kama alivyofundishwa kazini, safu nne: jina, mtaa, siku, alikokuwa anakwenda. Ile safu ya nne ilikuwa karibu neno moja tu kutoka juu hadi chini. Shamba. Shamba. Mtoni. Shamba. Majina 43. La 17 ni la mama yangu.

Mimi nayakumbuka 29.

Nimekesha nikiyahesabu kwa vidole, nikipita nyumba kwa nyumba kichwani, na siku zote yanagoma hapo. Kumi na manne yamenitoka. Baba amefariki, wazee wenzake wamefariki, na wengine kati ya hao 14 hawakuacha mtu wa kuulizwa. Hawakuandikwa pengine popote. Risasi iliwaua mara moja. Mara ya pili wamefia kabatini mwenu.

Siku hii ya 2 Agosti, Mheshimiwa, si yetu peke yetu. Sisi twakumbuka vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998. Lakini usiku wa tarehe hiyohiyo mwaka 1944, huko Auschwitz-Birkenau, Wanazi waliwaua kwa gesi watu wa jamii za Waroma na Wasinti zaidi ya 4,000, wengi wao wazee, akina mama na watoto. Ujerumani Magharibi ilikawia hadi 1982 kukiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Ninachotaka mkisikie ni kidogo kuliko hayo. Kabla ya usiku ule, wafungwa watatu Wapoland waliiba kitabu cha orodha ya kambi ya Waroma, wakakifunga kwa nguo, wakakitia ndani ya ndoo, wakakifukia. Kilifukuliwa mwaka 1949. Maji yalikuwa yameharibu kurasa, lakini karibu majina 21,000 yalikuwemo. Wafungwa! Watu ambao wangekamatwa na ndoo ile wasingeliona jua la kesho. Ninyi mlikuwa na kabati lenye kufuli.

Mkoa huu umezoea wafu wasio na majina, nakiri. Pale Nyangwe, Julai 1871, watu wetu kwa mamia, wengi wanawake waliokuja sokoni, walipigwa risasi na wengine wakazama mtoni. Twajua kwa kuwa msafiri Livingstone alikuwapo, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda. Majina yao hakuyajua. Waitalia 13 waliouawa hapa Kindu mwaka 1961 wana jengo lao la kumbukumbu huko Pisa, na nawafurahia kwa moyo safi. Ila sisi wenyewe, tukihesabu wafu wetu, tunapenda kusema milioni. Milioni sita, milioni kumi, kila mwenye maikrofoni na zake. Anayesema milioni hahitaji daftari.

Fidia siitaji hapa. Wala siwataji wale walioombwa pesa ya kalamu ili waandikwe kwenye orodha yake.

Naomba mtafute. Naomba pia mwakani jukwaani ipunguzwe hotuba moja, familia zisome majina yao. Nitasoma 29 yangu, na kwa yale 14 nitanyamaza ninyi mkiwa mmekaa mbele yangu.

Ili msiseme hamlijui: ni daftari la shule, jalada la buluu, limefungwa kwa uzi mweusi, lina doa la mawese ukurasa wa kwanza, na nyuma baba alianza hesabu ya chumvi hakuimaliza. Mkiliona msiniite ofisini. Mpeni mtoto yeyote avuke nalo, aulize nyumba ya karani wa reli. Nauli nitalipa mimi.