Lubunga, angalieni mnachobonyeza

Wandugu wa Lubunga, siku habari ya kutisha itakapotufikia tena, usikimbilie kufungua kichwa cha habari kinachotisha kuliko vingine. Simu unayoiuliza inajifunza kwako, na ilichojifunza kwako inaweza kumwonyesha jirani yako.

Jambo hili lilielezwa mahakamani. Oktoba 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google mjini Washington, Pandu Nayak, mmoja wa wakuu wa kitengo cha utafutaji, alizungumzia mfumo uitwao Navboost. Mfumo huo unatunza mibonyezo ya watumiaji kwa miezi 13: waliuliza nini, wakafungua jibu lipi. Mibonyezo si kigezo pekee, lakini ina nguvu katika kupanga kipi kikae juu na kipi kishuke.

Swali la mpira huulizwa na mamilioni, hata mibonyezo ya mtaa mzima haiwezi kuliyumbisha. Lakini ni nani duniani anayeandika “Mbole Lengola Lubunga”? Ni sisi, na ndugu zetu walioko Kinshasa na Ulaya. Tuko wachache, na kurasa zenyewe ni chache. Hapo ndipo hatari inapoweza kuwa.

Mnakumbuka 2023. Ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliingia hadi ndani ya komini yetu ya Lubunga, nyumba zikachomwa, familia zikahama. Chukulia uvumi wa namna ile umerudi leo usiku. Unaandika maneno matatu, orodha inatokea: juu kuna picha ya maiti, haina tarehe, haina jina la kijiji, aliyeiweka hajulikani. Chini yake kuna habari fupi ya Radio Okapi, yenye siku na mahali. Kidole kinavutwa na maiti. Na hata ukiifungua kwa hasira, ili kuilaani tu, mbonyezo wako umeshahesabiwa.

Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe na jina la aliyeandika. Kwenye swali lako ongeza mwezi na jina la kijiji. Ukishaingia kwenye uongo, toka upesi, usiutumie kwenye kundi la WhatsApp. Habari yenye ushahidi isome hadi mwisho. Na mama akikuuliza kuna nini huko, mpigie kwanza mtu aliye huko, kabla hujamwonyesha simu.