Baada ya pudra ya Exetat: nani atawashauri watu wetu juu ya kazi?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali (Exetat) yanapotoka, mitaa ya Butembo na Beni hujaa nderemo. Waliofaulu humwagiwa pudra nyeupe kichwani, mama hupiga vigelegele, motari hupiga honi. Juma moja baadaye pudra imekwisha kuoshwa, na ulizo linabaki nyumbani: sasa huyu mtoto atafanya nini?

Zamani jibu lilikuwa tayari. Mtoto alifuata jembe la baba katika kahawa, au alipelekwa kwa mjomba mfanyabiashara, akafagia duka, akajifunza bei na wateja, mwishowe akapewa mtaji wake. Siku hizi kuna mtihani wa TENASOSP mwisho wa mwaka wa 8, wenye kusudi la kumwelekeza mtoto kwenye sehemu inayomfaa. Lakini wazazi wengi huchagua sehemu kufuatana na shule iliyo karibu na minervali wanayoweza kulipa.

Mwaka 1908, huko Boston, Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi. Njia yake ilikuwa nyepesi: ujijue mwenyewe, uzijue kazi zilizopo, kisha upatanishe mambo hayo mawili kwa akili. Baadaye Donald Super alifundisha kwamba ushauri huo si wa vijana tu, kwa kuwa kazi ya mtu hupita majira tofauti, tangu utoto hadi uzee.

Kwetu, majira hayo yamevurugwa. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewaondoa watu wengi mashambani, upande wa Oicha, Mbau na Eringeti. Mtu wa miaka 50, aliyejua kakao tangu kupanda hadi kukausha, leo anabeba mchanga mjini. Mwaka 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, na vijana wengi wakapata kazi katika riposti. Tarehe 25 Juni 2020 mwisho wa ugonjwa ulitangazwa, na mishahara ile ikaisha pia. Nao walimu wetu wazee wanaendelea kushika chaki kwa sababu hawaoni pensheni ya kuwalisha.

Mimi pia nilikosea. Kwa miaka mingi niliwahubiri vijana waende chuo kikuu, kana kwamba useremala ni adhabu. Siku moja kijana mwenye lisansi, aliyekaa miaka mitatu bila kazi, aliniambia: "Pasta, uliniambia nisome. Hukuniuliza mikono yangu inaweza nini." Sikuwa na jibu.

Hata hivyo, Paulo alihubiri Injili huku akishona hema (Matendo 18), wala hakuona haya. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7). Basi wito wa Mungu haufungwi na diploma, wala hauishi mtu anapopoteza shamba.

Tuseme kweli: ushauri haurudishi shamba wala hauleti amani. Kuwalinda raia na kulipa pensheni ni deni la serikali, na tusiache kulidai. Lakini kila parokia ina fundi cherehani, muuguzi, seremala, mkulima, mfanyabiashara. Kabla ya mwaka wa shule kuanza, tuwaketishe pamoja na vijana Jumapili moja baada ya ibada, waeleze kazi yao inalipa nini na inachosha vipi. Tuandike majina ya mafundi walio tayari kupokea wanafunzi. Mkimbizi akifika kanisani, tukiisha kumpa unga, tumuulize pia anajua kazi gani, halafu tumwingize katika kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Na wazee wetu tuwape vijana wa kufundisha, maana ujuzi wao ungali hai.

Mzazi mwenzangu, leo jioni usimuulize mtoto wako amepata asilimia ngapi tu. Muulize ni kazi gani anaifanya bila kusukumwa, kisha umsikilize hadi mwisho.