Mkojo Wenye Damu Usipuuzwe

Wapo wananchi wengi katika mikoa ya Shinyanga na Geita waliozoea kuuona mkojo wenye damu kuwa ni jambo la kawaida. Mvulana akikojoa damu baada ya kuogelea lamboni, wenzake hucheka na wazee hawashtuki. Mtu mzima naye akiiona damu hiyo miaka thelathini baadaye, hudhani ni kichocho kile kile cha utotoni. Hununua vidonge dukani au hunywa mizizi, kisha hurudi kwenye jembe lake. Mazoea haya yanaua, na ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi.

Kichocho cha mkojo kikikaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa huweza kuleta saratani ya kibofu. Habari hii si ngeni. Mwaka 1911 daktari A. R. Ferguson, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alieleza jinsi magonjwa hayo mawili yanavyofuatana. Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani ulimweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile ulimo moshi wa tumbaku.

Minyoo hiyo huishi katika mishipa ya damu inayokizunguka kibofu, na jike hutaga mayai kila siku. Mayai mengine hutoka na mkojo, na mengine hunasa katika ukuta wa kibofu yakautia uvimbe na vidonda. Ukuta unaojeruhiwa na kujitengeneza upya mwaka hata mwaka hufikia wakati ukapoteza utaratibu, na chembechembe zake zikaanza kuzaana ovyo.

Saratani inayotokea hapo mara nyingi ni ile inayoitwa ya seli bapa. Huko Ulaya na Marekani aina hii ni adimu: katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya kibofu, walio nayo hawazidi 5 hivi. Kwetu mambo ni kinyume. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichunguza kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu na kutangaza matokeo mwaka 2013. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa na saratani ya seli bapa, na mayai ya kichocho yalionekana kwa wagonjwa 83. Saratani zilizoambatana na kichocho ziliwapata zaidi watu wa umri wa chini ya miaka 50, na nyingi zilikuwa zimekwisha kupenya hadi kwenye msuli wa kibofu zilipogunduliwa. Wanawake walikuwa 95 na wanaume 90, ingawa mahali pengi duniani ugonjwa huu ni wa wanaume zaidi.

Kwa anayeyajua maisha ya Usukumani, hesabu hiyo haishangazi. Mwanamke ndiye anayeshinda majarubani akipandikiza mpunga, na ndiye anayechota maji na kufua lamboni. Konokono wanaobeba kichocho huzaliana katika madimbwi ya masika, na maji yakikauka baadhi yao hujificha topeni wakangoja mvua nyingine, hata kiangazi kisiwamalize. Mchimbaji mdogo anayeosha mchanga wa dhahabu akiwa amesimama dimbwini naye yumo hatarini, iwapo dimbwi hilo lina konokono hao na watu hukojoa humo.

Saratani hii ikishaota, tiba yake ni nzito. Dawa zinazosaidia aina nyingine za saratani ya kibofu haziiwezi sana. Tiba inayotegemewa ni upasuaji wa kukiondoa kibofu kizima, kisha mpasuaji humtengenezea mgonjwa njia mpya ya mkojo kwa kipande cha utumbo wake mwenyewe. Kazi hiyo inataka mabingwa, damu ya akiba na uangalizi wa maisha yote. Kwa yule ambaye hawezi tena kupasuliwa, mionzi husaidia kupunguza maumivu na kutoka damu. Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa alilazimika kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, ili apate mionzi. Siku hizi huduma hiyo ipo pia Bugando. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini hakuna mashine wala bingwa awezaye kumrudishia mgonjwa miezi aliyoipoteza kabla ya kufika.

Miezi hiyo hupotea wapi? Sehemu yake hupotea nyumbani, kwa sababu ya aibu, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Sehemu nyingine hupotea pale mgonjwa anapopewa vidonge leo, akarudi baada ya mwezi akapewa vingine, na hapana anayeuliza kwa nini damu haikomi. Hatuwabezi watumishi wa zahanati, ambao wengi wao hufanya kazi bila hata hadubini. Hata hivyo, kanuni moja ishikwe kila mahali: mtu mzima anayeendelea kukojoa damu baada ya kunywa dawa ya kichocho kwa kipimo sahihi, au anayetoa vipande vyeupe katika mkojo, asirudishwe nyumbani na vidonge vingine. Apelekwe hospitali, kibofu chake kichunguliwe kwa chombo, na kinyama kipimwe.

Lililo bora zaidi ni kuizuia saratani isizaliwe. Dawa ya prazikwanteli humezwa kwa siku moja tu, kulingana na uzito wa mtu, wala haifanani na zile sindano za antimoni za zamani zilizowatesa wagonjwa. Kwa miaka mingi dawa hii imegawiwa hasa kwa watoto shuleni. Ni jambo jema, lakini mama wa jarubani, mchunga ng'ombe na mchimbaji hawapo darasani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali ambapo watu 10 au zaidi kati ya 100 wana kichocho, wapewe dawa watu wote wenye umri wa kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwamo. Unguja na Pemba zilianza kuwapa dawa watu wazima kuanzia mwaka 2012. Linalowezekana visiwani haliwezi kushindikana Kahama wala Nyang'hwale.

Misri nayo ni mfano. Katika taasisi ya saratani ya Cairo, mwaka 1980 zaidi ya wagonjwa 70 katika kila 100 wa saratani ya kibofu walikuwa na aina hii ya seli bapa. Kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya 30. Vita dhidi ya kichocho vilikuwa na sehemu kubwa katika mabadiliko hayo.

Fedha zitatoka wapi? Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inawataka wenye leseni za uchimbaji waandae kila mwaka mpango wa kuchangia huduma za jamii, na mpango huo upitishwe na halmashauri. Basi madiwani wa Geita, Msalala na kwingineko kwenye dhahabu wahakikishe kwamba mipango hiyo inakumbuka hadubini, dawa za watu wazima, visima vya maji safi na nauli ya wagonjwa wanaopelekwa Bugando.

Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Kichocho kilikuwa mojawapo ya maradhi waliyojifunza kuyapiga vita. Ari ile haina budi kufufuliwa. Kila familia na itumie choo, wala asiwepo wa kukojoa katika maji. Viongozi wa vijiji walitaje jambo hili katika mikutano bila kuona haya, na yeyote anayeona damu katika mkojo wake aende kupimwa wiki hii, asingoje mavuno.