Tusiuvuke Uwanda kwa Haraka



Wapendwa waamini, vijana wetu wa VIWAWA wameazimia kuupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na michango imekwisha kuanza. Nawapongeza. Ila katika ratiba waliyoniletea, siku ya pili ya kukaa Horombo imefutwa ili kupunguza gharama, na safari ya siku sita imekuwa ya siku tano. Hapo siafikiani nao.

Kati ya vilele vya Kibo (mita 5,895) na Mawenzi (mita 5,149) kuna uwanda mpana, kwenye kimo cha mita 4,300 hivi, ambao kwa umbo lake hufananishwa na tandiko la mnyama. Sisi wa Bariadi, tuliozoea mbuga na mashamba ya pamba, tungedhani tambarare ni mahali pa kupata nafuu. La hasha. Oksijeni ya pale ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana, ukisogea kidogo kidogo, hata mizizi haipati pa kushika. Ni jangwa la baridi. Mahali pa mwisho pa kuteka maji hupitwa kabla ya kuufikia uwanda, na maji yatumiwayo kambini Kibo hubebwa na wapagazi.

Siku ile ya ziada ina kazi yake. Mpandaji hutoka Horombo, mita 3,720, akafika ukingoni mwa uwanda, kisha hurudi kulala chini, na mwili ukaanza kuzoea. Anayeuvuka siku ya tatu pasipo matayarisho hayo, na usiku uleule akaanza kuukwea Kibo, anaudai mwili wake muujiza. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa maumivu ya kichwa na kutapika. Ukifika mapafuni au kwenye ubongo, huua. Haujali ujana (na nadhani wenye nguvu ndio wakaidi zaidi wa kurudi).

Nabii Eliya alipokuwa njiani kwenda Horebu, malaika hakumharakisha. Alimlisha mara mbili, akamwacha alale katikati, kwa kuwa safari ilizidi nguvu zake.

Basi fedha ikipungua, isikatwe kwenye siku, wala kwenye ujira wa mpagazi abebaye maji yale. Waende mwakani, baada ya kuuza pamba.