Damu ya Stephen Lawrence

Usiku wa Aprili 22, 1993, kijana Stephen Lawrence, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akingojea basi huko Eltham, kusini-mashariki ya London. Genge la vijana wa Kizungu likamvamia na kumchoma kisu. Hakuwa amemkosea mtu. Aliuawa kwa sababu ya weusi wake.

Unyama huo ulitosha kuwatia simanzi wapenda haki wote. Lakini lililofuata lilikuwa zito zaidi. Majina ya watuhumiwa yaliwafikia polisi mapema sana, ila wiki mbili zilipita bila mtu kukamatwa. Wazazi wake, Doreen na Neville, wakawa wa kubisha hodi katika milango ya dola ambayo, ajabu, haichoki kuyahubiria mataifa mengine utawala wa sheria. Nelson Mandela alikutana nao mjini London mwanzoni mwa Mei, na siku hizo hizo ndipo polisi walipoanza kukamata.

Wazazi hao hawakunyamaza, wala umma haukuwaacha peke yao. Mwaka 1999 tume ya Sir William Macpherson ilitamka bayana kwamba ubaguzi ulikuwa umejengeka ndani ya jeshi la polisi la London lenyewe. Ikataka pia mitaala ya shule irekebishwe, maana chuki hiyo hufunzwa utotoni.

Januari 2012, baada ya miaka zaidi ya 18, wauaji wawili walitiwa hatiani. Wenzao katika genge hilo hawajahukumiwa kwa mauaji hayo.